Sheria za Baruti na Silaha katika Marekani ya Zamani

Watu wengi wakitajiwa Marekani hudhani kwamba tangu mwanzo ilikuwa nchi ambayo kila mtu hushika bunduki apendavyo, asiulizwe na mtu. Habari hiyo ni nusu ya kweli. Bunduki zilikuwako nyingi, lakini sheria za bunduki na baruti zilikuwako nyingi vile vile, na baadhi yake zilitungwa zaidi ya miaka 150 kabla dola ya Marekani haijazaliwa mwaka 1776. Katika maneno haya twapenda kueleza sheria hizo zilikuwaje, zilitungwa kwa sababu gani, na kwa nini mahakimu wa nchi ile hata katika karne hii ya 21 huvifungua tena vitabu vile vya kale na kuvisoma neno kwa neno.

Yafaa msomaji ajue kwanza jinsi nchi ile ilivyotawaliwa. Kabla ya mwaka 1776 yalikuwako makoloni 13 chini ya Uingereza, na kila koloni lilikuwa na baraza lake la kutunga sheria. Makoloni hayo yalipojitenga, kila moja likawa jimbo, na kila jimbo likaendelea kutunga sheria zake lenyewe; hata miji mikubwa ilikuwa na amri zake. Kwa hiyo hapakuwa na sheria moja ya silaha kwa Marekani yote. Zilikuwako sheria za Boston, za Philadelphia, za New York, za Virginia, na kadhalika.

Sheria hizo twazigawa mafungu matatu, ili msomaji asipotee njiani. Fungu la kwanza ni sheria zilizoshika kitu chenyewe, yaani baruti na bunduki: kiwekwe wapi, kwa kiasi gani, na kiwe kizima. Fungu la pili ni sheria zilizoshika tendo la mtu: kupiga bunduki ovyo, kutisha watu, au kuficha silaha nguoni. Fungu la tatu ni sheria zilizomshika mtu mwenyewe, zikatazama ni nani na ni wa rangi gani kabla ya kutazama alilolitenda. Mafungu hayo yote yalitoka katika mabaraza ya namna moja. Walakini hayana uzito mmoja, na hilo ndilo jambo tutakalo msomaji alishike mpaka mwisho.

Tuanze na baruti. Baruti ya siku zile ilikuwa unga mweusi uliochanganywa kwa shura, makaa na salfa. Mchanganyiko uliopendwa ulikuwa mafungu 75 ya shura, 15 ya makaa na 10 ya salfa katika kila mafungu 100. Bunduki zilikuwa magobori ya gumegume. Mtu humimina baruti katika mdomo wa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kisha akivuta mtambo, jiwe la gumegume hugonga chuma na kutoa cheche. Gobori likisha kushindiliwa si rahisi kulitoa baruti yake ila kwa kulipiga. Kwa sababu hiyo watu wengi waliona ni taabu kulitoa, wakaliacha limejaa pembeni mwa nyumba. Tena bunduki bila baruti ni kama fimbo tu. Ndiyo maana watunga sheria wa zamani walishughulika na baruti kama walivyoshughulika na bunduki, na pengine zaidi.

Sasa fikirini mji kama Boston katika karne ya 18. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, zimesongamana, na ndani mwake moto wa kuni uliwaka usiku kucha wakati wa baridi. Siku ya tarehe 20 Machi, 1760, moto ulizuka mjini humo ukateketeza majengo 349. Moto ulipozuka, watu wa mji ndio waliokuwa wazimaji wake: walijipanga mstari wakapokezana ndoo za maji, na wengine wakaingia ndani kuokoa watu na mali. Je, ni nani atakayeingia katika nyumba inayowaka iwapo hajui kama ndani yake mna pipa la baruti, au gobori lililojaa ambalo moto utalipiga wenyewe?

Swali hilo ndilo lililozaa sheria ya Boston ya mwaka 1783. Baraza la Massachusetts lilikataza mtu ye yote kuingiza katika nyumba, zizi, ghala, duka au jengo lo lote la mji mzinga au bunduki iliyotiwa baruti. Atakayevunja sheria alitozwa pauni 10. Wasimamizi wa moto wa mji walipewa ruhusa kuikamata silaha hiyo na kupeleka mashitaka barazani. Wazee waliochaguliwa kusikiliza kesi wakiona mashitaka ni ya kweli, silaha huuzwa kwa mnada. Nasi twapenda kuonyesha neno moja lililo katika sheria ile: iliandika sababu yake waziwazi. Ilisema kwamba silaha zilizojaa zikiwekwa katika nyumba za mji ni hatari kwa maisha ya wale wanaojitoa kuzima moto. Mtu aliyeisoma hakuhitaji kuuliza sheria hii yatafuta nini.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Wazee wa miji ile hawakubishana na mithali, lakini waliona kwamba ajali nyingine huitwa na mtu mwenyewe kwa kuweka vitu viwili vibaya mahali pamoja. Mji wa Philadelphia ulikuwa umekwisha kupata sheria yake mwaka 1725, ya kuulinda mji na hatari ya baruti kwa kuiweka katika ghala yake. New York nayo ilitunga yake mwaka 1784, na hiyo yapendeza kwa jinsi inavyopima. Mtu wa mjini hakuruhusiwa kuweka mahali pamoja baruti ipitayo ratli 28. Na ratli hizo 28 zigawanywe katika mitungi 4 ya mawe au mikebe 4 ya bati, kila mmoja usipite ratli 7. Iliyozidi ipelekwe katika ghala ya baruti ya mji. Tazameni hesabu hiyo. Mwenye duka aliweza kuuza baruti yake, na mwindaji aliweza kununua ya kumtosha. Lakini mtungi mmoja ukipata cheche, huenda mingine 3 ikasalimika. Tena askari wa mji akija kukagua hana haja ya kubishana na mtu; atahesabu mitungi na kuipima.

Ghala za baruti zilijengwa kwa matofali au mawe, zikatengwa na nyumba za watu, na mlango wake ukafungwa kwa ufunguo. Hapo palizuka jambo jingine: ni nani ashikaye ufunguo? Maana aliyeshika ufunguo wa ghala alishika nguvu za nchi. Tarehe 1 Septemba, 1774, Jenerali Gage, gavana wa Kiingereza wa Massachusetts, alituma askari alfajiri waende ghala ya baruti iliyokuwa nje ya Boston, wakachukua pipa ndogo 250. Habari zilipoenea, maelfu ya watu wa mashamba walishika silaha zao wakaenda mpaka Cambridge, wakidhani vita vimekwisha anza. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili, 1775, askari wa Kiingereza walikwenda Concord kutafuta silaha na baruti zilizowekwa huko, na vita vya kweli vikaanza siku ile. Siku mbili baadaye, kabla ya mapambazuko, Lord Dunmore, gavana wa Virginia, aliamuru baruti itolewe katika ghala ya mji wa Williamsburg, na watu wa huko nao wakaghadhibika. Basi watu walewale waliokubali baruti yao iwekwe katika ghala ya wote kwa ajili ya usalama, walikataa isichukuliwe usiku bila ya shauri lao. Ghala ya wote ilikuwa amana, na amana ina mwenyewe.

Jambo hili la kujua baruti iuzwe kwa nani lilifika hata katika pwani yetu, nalo lilifika pamoja na Wamarekani. Wafanya biashara wa Massachusetts, hasa wa mji wa Salem, walikuja Unguja kutafuta pembe na sandarusi, wakaleta nguo ambazo hata leo twaziita merikani, na pamoja na nguo wakaleta bunduki na baruti. Tarehe 21 Septemba, 1833, Seyyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia sahihi mkataba mjini Maskati. Biashara ilifanywa huru pande zote mbili, isipokuwa kwa neno moja: bunduki, baruti na risasi zisiuzwe katika kisiwa cha Unguja ila kwa Serikali tu. Katika bandari nyingine za Sultani ziliweza kuuzwa kwa ye yote atakayetoa bei kubwa. Nia ya Seyyid Said haikuandikwa katika mkataba, lakini msomaji ataona kwamba penye makao yake hakutaka baruti ipite mlango usio wake.

Lipo tena jambo la uzima wa kitu. Baruti iliyochanganywa vibaya au iliyopata maji haisukumi risasi, na mtutu uliofuliwa vibaya hupasuka usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo Pennsylvania ilitunga sheria mwaka 1794 ya kukagua baruti. Massachusetts mwaka 1805 iliweka wapimaji wa bunduki zilizofuliwa katika jimbo lile. Mtutu ulijaribiwa kwa kupigwa baruti na risasi, na ukivumilia jaribu hilo mpimaji huupiga chapa yake. Kuuza mtutu usiojaribiwa kulikuwa kosa la kutozwa faini. Mnunuzi, hata kama hakuijua kazi ya ufuaji, aliweza kuitafuta chapa.

Hatari ya kutengeneza baruti ilikuwa kubwa kuliko hata ya kuiweka. Katika Delaware, kando ya mto Brandywine, kiwanda cha baruti kilichoanzishwa na E. I. du Pont mwaka 1802 kililipuka tarehe 19 Machi, 1818, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi hao waliotunga sheria za mitungi na ghala hawakuwa waoga wa kivuli.

Sasa twaja kwenye fungu la pili, sheria zilizoshika tendo. Philadelphia mwaka 1721 ilikataza kupiga bunduki mjini bila ruhusa ya gavana, na faini yake ilikuwa shilingi 5. Boston mwaka 1746 ilikataza kupiga bunduki yenye risasi au marisau mjini, na faini yake ilikuwa shilingi 40. Pennsylvania mwaka 1774 ilitunga sheria ya kukomesha desturi ya kupiga bunduki ovyo katika sikukuu ya Mwaka Mpya, kwa maana watu walikuwa wakifurahi kwa risasi bila kufikiri zitaangukia wapi. Sheria hizi hazikumnyang'anya mtu bunduki yake. Zilimwambia tu kwamba barabara ya mji si mahali pa kuipigia.

Nyingine zilitazama hofu anayoitia mtu katika mioyo ya wenzake. Massachusetts mwaka 1795 iliwapa mahakimu wadogo uwezo wa kumkamata mtu aendaye na silaha kwa namna ya kuwatisha raia wema. Mwaka 1836 jimbo hilohilo lilitunga sheria ya dhamana. Mtu akienda na jambia, upanga au bastola, naye hana sababu ya haki ya kuogopa kushambuliwa, jirani yake aliyeingiwa na hofu aliweza kumshitaki. Hapo hakimu alikuwa na ruhusa ya kumtaka mtu huyo alete wadhamini kwamba atashika amani, kwa muda usiozidi miezi 6. Twaona busara katika sheria hii. Haikungoja damu imwagike, wala haikumtia mtu gerezani kwa sababu ya hofu tu. Ilimtaka jamaa na rafiki zake wasimame nyuma yake, wamtolee neno na mali yao. Wazee wa Kiafrika waliokaa barazani wanaijua nguvu ya namna hiyo: mtu aweza kumdharau hakimu, lakini hapendi kumtia hasara mjomba wake.

Majimbo mengine yalichukia silaha zilizofichwa. Kentucky mwaka 1813 ilikataza kubeba bastola au jambia chini ya nguo, isipokuwa kwa msafiri aliye njiani, na faini yake haikupungua dola 100. Lakini sheria hiyo ilipofika mbele ya mahakama kuu ya Kentucky mwaka 1822, mahakimu waliitangua, wakisema yapingana na katiba ya jimbo iliyowapa raia haki ya kubeba silaha za kujilinda. Watu wa Kentucky hawakuridhika na hukumu hiyo. Katika katiba mpya ya mwaka 1850 wakaandika kwamba baraza laweza kutunga sheria ya kuzuia silaha za kuficha. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba mashindano ya leo juu ya silaha ni jambo jipya. Yalikuwako tangu wakati wa gumegume.

Kabla ya kuingia fungu la tatu hatuna budi kutaja kwamba sheria ziliweza pia kumlazimisha mtu awe na silaha. Sheria ya jeshi la raia iliyotolewa na Serikali Kuu tarehe 8 Mei, 1792, iliamuru kila raia mwanamume, huru, Mzungu, mwenye nguvu, wa umri wa miaka 18 na asiyetimiza miaka 45, aandikishwe katika jeshi hilo. Katika muda wa miezi 6 ajinunulie mwenyewe bunduki nzuri, singe, mawe 2 ya gumegume ya akiba, shanta, na mfuko wenye risasi zisizopungua 24 pamoja na baruti yake. Majimbo ndiyo yaliyoandika majina ya watu, yakawaita kwenye gwaride, yakakagua silaha, na kuwatoza faini waliokuja mikono mitupu. Angalieni maneno "huru" na "Mzungu" katika sheria hiyo, kwa kuwa ndiyo yanayotupeleka mbele.

Fungu la tatu lilianza mapema. Mwaka 1619 baraza la Virginia, katika mkutano wake wa kwanza, liliamuru kwamba mtu atakayewauzia au kuwapa wenyeji wa asili bunduki, risasi au baruti ahesabiwe msaliti na kunyongwa. Mwaka 1640 koloni hilohilo liliamuru watu wote wawe na silaha isipokuwa Waafrika. Mwaka 1680 likakataza mtumwa kubeba bunduki, upanga, rungu au hata fimbo ya kujilinda, na adhabu yake ilikuwa viboko 20. Katika South Carolina, mwezi wa Septemba 1739, watumwa wapatao 20, ambao wengi wao walikuwa wametoka nchi za Kongo, walivunja duka karibu na mto Stono, wakachukua bunduki na baruti, wakaanza kwenda upande wa Florida kutafuta uhuru wao. Njiani wengine waliungana nao, na wakapigana na Wazungu mpaka wakashindwa. Mwaka uliofuata, 1740, baraza la South Carolina lilitunga sheria kali ya watumwa, na ndani yake mtumwa akakatazwa kushika bunduki pasipo cheti cha bwana wake au pasipo Mzungu kuwa pamoja naye. Jirani zao wa Georgia, mwaka 1770, waliwaamuru wanaume Wazungu wachukue bunduki hata waendapo kanisani. Basi katika nchi moja mtu mmoja hutozwa faini kwa kutokuwa na bunduki, na mwenziwe hupigwa viboko kwa kuwa nayo, na tofauti yao ni ngozi tu.

Wala haikuwa habari ya watumwa peke yao. Virginia mwaka 1806 iliamuru kwamba Mwafrika aliye huru asiweke bunduki, baruti wala risasi bila leseni ya baraza la wilaya yake. Mwezi wa Agosti 1831 Nat Turner aliongoza maasi ya watumwa katika wilaya ya Southampton. Na mwaka 1832 Virginia ikaifuta hata leseni hiyo, isitolewe kwa Mwafrika huru ye yote, ajapokuwa na sifa njema namna gani. Waafrika hao huru walioadhibiwa hivyo hawakushitakiwa kwa kosa lo lote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: watu waliokasirika gavana alipowachukulia baruti yao mwaka 1775, wana wao na wajukuu wao hawakuona vibaya kumchukulia jirani yao baruti yake.

Hata hakimu mkuu wa nchi alilitamka jambo hili. Mwaka 1857, katika kesi ya mtumwa Dred Scott, Hakimu Mkuu Roger Taney alikataa kwamba Mwafrika aweza kuwa raia wa Marekani. Kati ya sababu alizozitaja ni kwamba wakihesabiwa kuwa raia, watakuwa na haki za raia, na mojawapo ni kuweka na kuchukua silaha waendako. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, jimbo la Mississippi mara lilitunga sheria kwamba mtu aliyeachwa huru asiweke bunduki, risasi wala kisu kikubwa bila leseni, isipokuwa ni askari wa Serikali Kuu. Na silaha itakayokamatwa apewe yule aliyemchongea. Sheria za namna hiyo ni sababu moja iliyofanya katiba ya nchi kuongezwa kifungu cha 14 mwaka 1868, kinachosema kwamba kila mtu aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake ni raia, na hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria.

Kwa ajili ya haki tutaje pia kwamba Wazungu nao walinyang'anywa silaha wakati mwingine. Pennsylvania mwaka 1777, vita vikiendelea, iliwataka wanaume Wazungu wapitao miaka 18 kuapa kwamba ni waaminifu kwa jimbo. Aliyekataa alinyimwa haki nyingi, na silaha zake zilichukuliwa. Lakini mtu huyo alikuwa na mlango wa kutokea: aliweza kuapa. Mwafrika wa Virginia hakuwa na yamini ya kubadili rangi yake.

Huenda msomaji atauliza, mambo haya yaliyopita miaka 200 na zaidi yamfaa nani? Jibu ni kwamba yana uzito katika mahakama za Marekani za karne hii. Katiba yao iliongezwa kifungu cha pili mwaka 1791, kinachotaja jeshi la raia na haki ya watu ya kuweka na kuchukua silaha. Mwaka 2008 Mahakama Kuu, kwa mahakimu 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba haki hiyo ni ya kila mtu kujilinda nyumbani kwake, ikatangua sheria ya mji mkuu iliyokataza bastola. Katika hukumu ile mahakimu walibishana juu ya sheria ileile ya Boston ya 1783 na mitungi ileile ya New York: upande mmoja ukisema zaonyesha kwamba miji ilikuwa na uwezo wa kuzuia silaha, upande wa pili ukisema zilikuwa za kuzuia moto tu. Mwaka 2022 Mahakama hiyo ikaamuru kwamba sheria ya silaha ya sasa lazima ifanane na desturi ya zamani ya nchi. Na mwaka 2024, kwa mahakimu 8 dhidi ya 1, ikakubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa ni hatari kwa mwenzi wake aweza kuzuiliwa silaha. Katika kueleza sababu, ikazitaja sheria za kale za dhamana na za watu waendao na silaha kwa kutisha wengine.

Lakini hapo pana shida ambayo twaomba waalimu na wakuu wa nchi waifikiri sana. Mtu akiambiwa afuate desturi ya wazee, afuate ipi? Mtungi wa New York ni desturi, na leseni ya Virginia ni desturi. Zote mbili zimo vitabuni, zote zilipita barazani kwa kura. Uzee wa sheria peke yake hauwezi kuzitenga, hauna budi kuongezwa kipimo kingine.

Nasi twaona kwamba zile zilizowafaa watu zilikuwa na alama tatu. Zilitaja sababu yake mbele ya wote, kama ile ya Boston. Ziliweka kipimo kinachohesabika, ratli 28 na mitungi 4, hata maskini na tajiri wakajua mpaka uko wapi. Na ziliukamata ubaya wenyewe, yaani cheche karibu na pipa, risasi barabarani, mtu atishaye jirani. Zikamwachia mtu asiye na kosa atumie kilicho chake. Zile za Virginia na Mississippi hazina alama hiyo ya tatu hata kidogo, kwa kuwa mtu alikuwa na hatia tangu kuzaliwa. Kila baraza litungalo amri, hata ikiwa ni ya moto wa mashamba au ya mbwa wa kijijini, laweza kuijaribu amri hiyo kwa alama hizo tatu kabla haijapigwa muhuri, kama vile mpimaji wa Massachusetts alivyoujaribu mtutu kabla ya kuupiga chapa.